Skrepa ya Fundi Marselino

Tangu apate kiharusi mwezi wa tatu, Fundi Marselino alikuwa anagawa vitu vyake. Ngazi ndiyo iliyotangulia. Leonsi, mmoja wa mafundi aliowafundisha, aliibeba begani akashuka nayo hadi kwake, akigeuka nyuma kila baada ya hatua chache kama mtu anayesubiri kuitwa airudishe. Mwenzake Rafaeli alipewa brashi zote, kuanzia ile pana ya ukutani hadi ya inchi mbili ya kukatia pembe za madirisha. Ndoo na rola zikafuata. Jumapili moja baada ya misa Marselino akamwita Agnesi, akaingiza mkono wa kushoto kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, akatoa skrepa.

"Chukua. Samahani kwa mkono," alisema, kwa sababu wa kulia ulikuwa umelala pajani na haukuweza kutoa kitu chochote kwa adabu.

Agnesi aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameitazama skrepa hiyo kwa miaka kumi na minane. Ukiiona juujuu utadhani ni kipande cha chuma tu: bapa pana kama vidole vinne, lenye mpini wa mbao. Lakini makali yake yalikwangua rangi iliyoachia na yalipaka puti kwenye nyufa. Pembe yake iliyochongoka ilichokonoa ufa mpaka ndani. Ubavuni ilikuwa na nusu duara ya kukamulia rola, na kitako cha chuma cha kugongea msumari uliochomoza. Ilifungua makopo. Wakati mwingine, mchana, ilikata mkate. Suruali zote za Marselino zilikuwa zimetoboka mahali palepale, kwenye mfuko wa nyuma upande wa kulia.

Kwenye mpini palikuwa na alama yake, msalaba mdogo wenye nukta pembeni, uliochomwa kwa msumari wa moto. Mafundi rangi wa Sumbawanga walifanya hivyo wote, maana kwenye saiti vifaa huchanganyika, na jioni kila mmoja hutafuta cha kwake kwa alama. Alama ya Agnesi ilikuwa mistari miwili. Hakuichoma kwenye skrepa ile. Aliifunga kwenye kitambaa akaiweka juu ya kabati, na kazini akaendelea kutumia ya kwake.

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja alipomfahamu Marselino. Siku hizo alikuwa anabebea mafundi maji na mchanga kwenye jengo, kama wanawake wengi, kwa ujira wa siku. Jioni moja Marselino alimkuta anaosha brashi ambayo hakuna aliyemwambia aioshe. Alikuwa anaipitisha kwenye maji, anaikung'uta, anaitazama ncha, anarudia.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nimeona inakauka vibaya."

"Kesho njoo na kitambaa cha kufunga nywele," Marselino alisema, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa kumfundisha. Watu walisema maneno yao kuhusu mwanamke juu ya ngazi. Marselino alikuwa anawajibu kwamba ukuta haumtazami mtu chini ya gauni. Mkewe, Rozina, ndiye aliyemshonea Agnesi suruali ya kwanza ya kazi, akampimia hapo hapo jikoni huku akicheka mpaka akachoma maharage.

Rozina alikuwa amefariki miaka kumi na moja iliyopita, akazikwa Mpui, kijijini kwao. Na kila mwaka, siku chache kabla ya tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, watu walipokwenda makaburini na majembe na chokaa, Marselino alikwenda na skrepa mfukoni na kopo dogo la rangi. Msalaba wa Rozina ulikuwa wa saruji. Aliukwangua, akaupaka upya, akaandika jina lake kwa brashi nyembamba. Aliufanya mwenyewe, peke yake, na hakuwahi kukosa mwaka hata mmoja.

Mwaka huu, Oktoba ilipofika katikati, Angela alimpigia Agnesi simu. Angela ni kitinda mimba wa Marselino, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye anayeishi na baba yake.

"Dada, baba hataki kuzungumzia Mpui. Nikimwuliza anasema tumtume mtu. Baba yangu, atume mtu kwa mama! Alianza na ngazi. Sasa amefika kwa mama."

Agnesi alikwenda jioni ile, skrepa kwenye kitambaa. Marselino alikuwa uani ameegemea mpini wa jembe, anatazama bustani ya mchicha ambayo hakuwa anailima. Mguu ulikuwa umemrudia vizuri. Mkono ndio ulikuwa umebaki nyuma, vidole vinajikunja nusu na havikazi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekonda. Unafanya kazi za mbali?"

"Nilikuwa Mwimbi, nyumba ya mwalimu mmoja. Nimekuletea kitu chako. Siku ya marehemu inakaribia."

Alikifungua kitambaa. Marselino aliiangalia skrepa kwa muda mrefu, akaachia jembe likalala ukutani, akaiweka kwenye kiganja cha kulia. Mpini ulikuwa mwembamba, umelika kwa miaka. Vidole vilijikunja nusu, skrepa ikapita katikati yake ikaanguka chini. Aliiokota kwa mkono wa kushoto, akasogea kwenye fremu ya dirisha ambapo rangi ilikuwa imeanza kubanduka, akakwangua mara moja. Chuma kiliingia ndani ya mbao kikaacha mtaro.

Agnesi alijua kosa liko wapi, na alijua Marselino amejua kabla yake. Miaka yote hiyo alikuwa anainoa skrepa kwa mkono wa kulia, upande mmoja, mpaka makali yakaegemea. Kwa mkono wa kushoto haikukwangua, iling'ata.

"Tutatafuta nyingine," Agnesi alisema haraka. "Utazoea. Mkono wa kushoto nao ni mkono."

Marselino alitikisa kichwa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Agnesi.

"Agnesi, mwanangu. Rozina sikuwahi kumpa hata kikombe cha maji kwa mkono huu. Nikamfute uso kwa kushoto? Mbele ya watu wa Mpui?" Alirudi kwenye jembe lake, akaliegemea. "Upake wewe. Nunua kaskrepa kokote, ka bei rahisi, ni msalaba mmoja tu. Nitakaa pembeni nikuangalie."

"Sawa, Fundi," Agnesi alisema. Lakini njiani kurudi nyumbani, upepo wa jioni ukimpiga vumbi usoni, alijua kwamba akiupaka yeye msalaba ule, Marselino atakuwa amemaliza kugawa. Baada ya hapo hakutakuwa na kitu kingine kitakachomtoa kwenye lile jembe.

Kesho yake asubuhi alikwenda madukani.

Duka la kwanza lilikuwa la kijana mwenye nyaya za simu masikioni.

"Mambo, mama fundi."

"Poa. Nataka skrepa ya mpini mnene."

Kijana alimtolea moja ya plastiki ya njano, mpini umevimba kama ndizi mshale. Agnesi akaishika huku amelegeza vidole, akivikunja nusu tu kama vile alivyoviona jana. Ilikaa. Moyo wake ukachangamka. Halafu akaigeuza akatazama kitako: plastiki tupu, chuma kimeishia juu kwenye koo. Akalibonyeza bapa mezani.

"Mama, taratibu!"

"Imepinda."

"Inanyooka yenyewe hiyo."

Walisubiri wote wawili wakiitazama. Haikunyooka.

"Kwani unaenda kukwangua nini, reli?" kijana aliuliza.

"Saruji."

"Sasa si ungesema!"

Hakuwa na nyingine. Duka la pili walikuwa na za aina ileile, ila nyekundu. La tatu lilikuwa la Shigela, Msukuma mwenye kitambi na sauti ya kuitia ng'ombe, ambaye baba yake alihamia bonde la Ziwa Rukwa na mifugo yeye akiwa mtoto, na ambaye kwa miaka yote ishirini ya kukaa mjini hajaacha kuwatania Wafipa kwa uchawi wa radi.

"Karibu, mama rangi! Leo umekuja kununua au kunitupia radi?"

"Radi nitaanza na ng'ombe wako. Wewe una faida gani?"

Shigela alicheka mpaka mizani ikatikisika. Agnesi akamweleza anachotaka. Shigela alipanda kwenye kigoda, akapekua nyuma ya makufuli na bawaba, akashuka na skrepa iliyofunikwa vumbi. Aliipangusa kwa shati.

"Hii ina miaka mitatu hapa. Mafundi wanaishika, wanaisifu, wananunua ya njano."

Agnesi aliitazama vizuri. Chuma kilikuwa kizima kutoka kwenye makali hadi kitakoni, kimepita katikati ya mbao mbili na kukazwa kwa ribiti tatu. Kilikuwa na nusu duara ya rola, pembe ya kuchokonoa nyufa, kichwa cha kugongea. Makali yalikuwa yamenyooka, hayajaegemea kokote. Alilibonyeza bapa mezani likapinda kidogo, akaliachia, likarudi na kutoa mlio. Kila kitu kilikuwepo. Alilegeza vidole akaishika kwa mkono wa kulia, na skrepa ikateleza ikaanguka kwenye kaunta.

Akajaribu tena. Ikaanguka tena.

"Mama, vipi?" Shigela aliuliza. "Umekufa ganzi au ndiyo unaniroga sasa?"

"Si yangu. Ni ya Fundi Marselino. Mkono wake unakunjika hapa tu." Alimwonyesha. "Hii ni nzuri lakini nyembamba. Ile ya njano ni nene lakini si kitu, itavunjika mbele ya watu na yeye ataona ni mkono wake uliovunja."

Shigela aliacha kucheka. Alimfahamu Marselino, duka hilo lenyewe alilipaka yeye.

"Anashika nini sasa hivi? Kitu gani hakimponyoki?"

Agnesi alifikiri. Kikombe kilimponyoka, Angela alisema. Kijiko pia. Halafu akamwona uani, jioni ya jana, ameegemea, na vidole vile vilivyojikunja nusu vimezunguka mti.

"Mpini wa jembe," alisema taratibu. "Anashika mpini wa jembe."

Mipini ya jembe ilikuwa imeegemezwa mlangoni, lundo zima. Shigela alichukua mmoja akaupima kwa vidole, akaenda nyuma ya duka, akarudi na mpira wa ndani wa tairi la baiskeli na mkasi.

"Baba yangu alipozeeka vidole vilikauka kama matawi," alisema huku akikata mpira vipande virefu vyembamba. "Fimbo ya kuchungia ilikuwa inamdondoka, na mzee bila fimbo mbele ya ng'ombe ni aibu kubwa. Tukaifunga mpira, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikajaa mkononi. Hata mvua ikinyesha haitelezi. Alizikwa nayo."

Alivuta mpira kwa meno, akauzungusha, akaukaza. Kila baada ya mizunguko michache aliweka mpini wa jembe pembeni akalinganisha unene. Agnesi alishika ncha nyingine. Mteja aliyeingia kutaka misumari aliambiwa asubiri, akasubiri, mwishowe akasaidia kushikilia. Walipomaliza, skrepa ilikuwa na mpini mnene mweusi, na chini, karibu na kitako, Shigela alikuwa ameacha mbao tupu ya upana wa vidole viwili.

"Hapo pa alama yenu," alisema. "Mafundi mnapenda kuchomachoma."

Agnesi alilegeza vidole kwa mara ya tatu. Skrepa ilikaa.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba walipanda gari la asubuhi kwenda Mpui, Marselino, Angela na Agnesi. Mashamba kando ya barabara yalikuwa meusi kwa moto wa kusafishia, yakisubiri mvua, na mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Marselino alikuwa amevaa koti la misa. Hakuuliza kuhusu skrepa, na Agnesi hakuitoa.

Makaburini watu walikuwa wengi, wanapalilia, wanapaka chokaa, wanasalimiana kwa Kifipa. Coleta, mdogo wake Rozina, alikuwa amewatangulia na alikuwa ameshang'oa majani yote. Mwaka mmoja wa jua na mvua ulikuwa umefanya kazi yake: rangi ya msalaba ilikuwa imejikunja kama maganda ya kitunguu, na jina lilisomeka nusu.

Angela alimtandikia baba yake kipande cha gunia pembeni. Marselino alianza kukaa.

"Fundi," Agnesi alisema. "Naomba ukague kifaa kwanza."

Alikuwa amewahi kusema hivyo mara nyingi, kila aliponunua kitu kipya, tangu akiwa mwanafunzi. Marselino hakuweza kukataa kukagua kifaa. Ilikuwa nje ya uwezo wake. Aliipokea kwa kushoto, akatazama kitako kwanza, akaona chuma. Akahesabu ribiti. Akalibonyeza bapa gotini.

"Nilikwambia ya bei rahisi."

"Hawakuwa nayo."

"Muongo. Na huu uchafu wa mpira?"

"Shika, Fundi. Shika kwa kulia."

Alimtazama. Agnesi alitazama chini, mikono nyuma, kama binti wa miaka ishirini na mmoja. Marselino aliiweka skrepa kwenye kiganja cha kulia. Vidole vilijikunja nusu, vikakutana na mpira, vikabaki hapo. Aliushusha mkono. Aliuinua. Aliutikisa kidogo, kwa hofu.

"Haukazi," alisema. "Unashika tu. Nguvu hakuna."

"Nguvu itoke kushoto. Weka kushoto juu yake. Wa kulia ndio utakaomgusa."

Coleta, aliyekuwa akisikiliza, alikatakata majani aliyokwisha kuyang'oa. Kisha Marselino alipiga goti mbele ya msalaba, akaegemeza makali kwenye saruji, akaufunika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akasukuma. Ganda moja refu la rangi lilibanduka likaanguka kwenye udongo.

Ilichukua asubuhi nzima. Skrepa ilianguka mara mbili, na mara zote mbili Angela alitaka kuiokota na Agnesi akamzuia. Marselino alikwangua kile tu kilichoachia. Rangi iliyoshika aliiacha, kama alivyowafundisha wote. Na kwa kuwa alikuwa amefanya hivyo miaka yote, kingo za msalaba zilikuwa na tabaka za rangi nyingine chini yake, nyembamba kama kurasa. Aligusa moja kwa pembe ya skrepa.

"Bluu hii ni ya zahanati. Unakumbuka, Agnesi? Mvua ilituharibia ukuta wa nyuma tukarudia."

"Nakumbuka. Ulinilaumu mimi."

"Ulikuwa umekosea. Na kijani hii ni ya nyumba ya yule mama muuza maharage, aliyekuwa anatupikia kuku kila siku. Kila mwaka nilimletea Rozina iliyobaki kwenye kazi yangu nzuri kuliko zote. Sikuwahi kumnunulia rangi." Skrepa ilisimama. "Mwaka huu sina kazi. Sina kilichobaki."

Agnesi alifungua mfuko wake akatoa kopo dogo lililofungwa kwa nailoni. Hakuwa na hakika kama angelitoa, mpaka dakika ile.

"Hii ni ya Mwimbi. Nyumba ya mwalimu. Nilifanya peke yangu."

Marselino alilifungua kopo kwa skrepa, mkono wa kulia chini, wa kushoto juu, kifuniko kikaruka. Ilikuwa rangi ya maziwa yenye njano kidogo. Aliinusa.

"Pembe za madirisha ulikataje? Kwa kubandika karatasi?"

"Kwa brashi, Fundi."

"Huru, bila karatasi?"

"Bila karatasi."

"Ulitoka nje ya mstari mara ngapi?"

"Mara moja. Nikafuta."

"Basi inafaa," alisema, na akachovya brashi aliyoletewa na Agnesi. Msalaba ulipokwisha, akaandika jina.

Herufi zilipinda. R ilikuwa kubwa kuliko ndugu zake na A ya mwisho ilikaribia kuporomoka ukingoni. Coleta alisogea, akainamisha kichwa upande.

"Shemeji, umeandika kama mlevi."

"Aliwahi kunisoma nikiwa mlevi kweli," Marselino alimjibu. "Atasoma."

Coleta alicheka, Angela akacheka huku machozi yanamshuka, na watu wa kaburi la jirani wakageuka kutazama.

Mchana walikula nyumbani kwa Coleta, ugali wa ulezi na dagaa wa Kirando. Marselino alipomaliza alinawa, akasogeza kigoda karibu na jiko la kuni na kuomba msumari na koleo. Agnesi aliusukuma msumari ndani ya makaa. Alitoa skrepa, akaishikilia ili mbao tupu ya chini iwe juu. Alidhani anajua kinachofuata. Alikuwa ameshajiandaa kusema asante kwa alama yake mwenyewe, mistari miwili, na kutolia.

Msumari ulipokuwa mwekundu Marselino aliushika kwa koleo kwa mkono wa kushoto, akausindikiza kwa wa kulia. "Tulia," alisema. "Usitikisike." Moshi mwembamba ulipanda. Mstari wa kwanza ulikwenda upande. Wa pili ukaukata katikati. Kisha, pembeni, taratibu sana, ulimi umetoka nje kidogo, akaweka nukta.

Agnesi aliutazama ule msalaba uliopinda.

"Ile ya zamani choma alama yako, iache kukaa kwenye kitambaa kama maiti," Marselino alisema. "Inoe upya, makali yanyooke. Hii usiiguse."

"Sitaigusa, Fundi."

Aliinuka, akaisukumia skrepa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Kwa mpira wote ule ilikataa kuingia, akaisukuma tena, na uzi fulani ukakatika kwa mlio.

"Baba, suruali ya misa!" Angela alipiga kelele.

"Itashonwa," alisema Marselino. Alikuwa amesimama mlangoni, anatazama ukuta wa Coleta, ambao chokaa yake ilikuwa imebanduka chini ya dirisha. Akausogelea, akaugusa kwa kidole. "Agnesi, tukifika mjini mwambie Leonsi ngazi abaki nayo, mimi sipandi tena. Lakini Rafaeli anirudishie brashi ya inchi mbili. Ile tu. Nyingine ajifunzie."